Tupeane uzoefu: mtoto mwenye ulemavu mkubwa mnamsomeshaje nyumbani?

Mama wa Langoni (Lamu)
Asalaam aleikum nyote. Kijana wangu ana miaka 12, ana mtindio wa ubongo, hasemi wala hatembei. Machi 2020 shule zilipofungwa, tuliambiwa watoto wafuate vipindi vya redio na televisheni. Wangu nilimweka mbele ya redio siku tatu. Kila nilipowasha jiko, shingo ilimgeukia huko kwenye harufu. Siku ya nne nikamhamishia jikoni, na ndiyo darasa letu kila likizo mpaka leo.

Nikikuna nazi humpa kifuu akipapase, mgongoni kuna nyuzi za makumbi, ndani kumelowa. Tukifika kwenye kifumbu naweka mkono wangu chini ya wake, si juu, tunakamua tui pamoja. Kisha nanyamaza. Zamani nilikuwa nikimuuliza "Tena?" na kujijibu papo hapo. Siku hizi nahesabu moyoni hadi kumi, polepole. Kwenye saba au nane hivi macho yake huja kwenye kifumbu yakatulia. Hiyo ndiyo "tena" yake. Miaka yote ile alikuwa akinijibu, mimi nishaondoka. Linaniuma mpaka sasa.

Nawaomba na nyinyi mseme mlilolifanya kwa mikono yenu, hata likiwa dogo.

Fundi wa Maweni (Malindi)
Wa aleikum salaam dada yangu. Mimi ni seremala. Binti yangu tulikuwa tukimfundisha amepakatwa, halafu tunasikitika kwamba hashiki kitu. Mtaalamu wa viungo ndiye aliyenifungua macho: mtoto anayepigana asianguke hana nguvu ya ziada ya mikono wala ya kutazama. Nikamchongea kiti. Nyonga, magoti na vifundo vya miguu vikunjike pembe mraba, mgongo uegemee, na mbele kuwe na meza ndogo ya kuwekea viwiko.

Cha kwanza nilikosea. Nilipima mgongo nikasahau miguu, ikawa inaning'inia, naye akateleza mbele kutwa. Nilipogongomea kibao cha kukanyagia, jioni ileile alinyoosha mkono akashika kijiko. Mama yake alilia. Asiye na mbao achukue maboksi ya karatasi ngumu, ayabandike tabaka juu ya tabaka kwa uji mzito wa unga wa ngano, yakauke juani. Yakikauka sawasawa hubeba mtoto. Ila pimeni upya kila baada ya miezi kadhaa, watoto wanakua.

Dada Mtu (Shela, Lamu)
Mdogo wangu haoni, na kusikia kwake ni kwa shida. Sisi twatumia vitu. Kikombe cha bati mkononi maana yake ni kunywa, kipande cha dodoki ni kuoga, na kipande cha kamba ya mashua ni safari ya Lamu mjini. Kitu ni kilekile kila siku, hapa nyumbani hakuna ruhusa ya kukibadilisha.

Siku moja nilimpa kamba, kumbe kusi imechafuka na nahodha kakataa kung'oa nanga. Alilia mpaka Isha akiwa ameishikilia. Nilimwahidi nikamvunjia ahadi, ndivyo alivyoelewa, na alikuwa na haki. Tangu hapo kamba haitoki mpaka mashua niione kwa macho yangu.

Mwalimu wa Kitengo (Malindi)
Mama wa Langoni, jikoni kwako ndiko kwenye mtaala. Katika mtaala mpya wa Kenya, ule wa umilisi (CBC), wapo wanafunzi wasiofuata madarasa ya kawaida, wao huenda kwa ngazi: ya msingi, ya kati, kisha maandalizi ya ufundi. Kujihudumia na kuwasiliana ni masomo kamili pale. Mwulize mwalimu wake lengo moja tu la muhula huu kwenye mpango wake binafsi wa masomo. Kwa ambao mtoto hajapimwa, anzeni kwenye kituo cha upimaji cha elimu maalumu. Vituo hivi vipo Kenya tangu 1984.

Na katika kujihudumia, mfano kuvaa shati: mvishe lote, umwachie kulivuta chini kwenye tumbo tu. Akiliweza hilo, mwachie na mkono wa pili. Ukianzia mwisho, kila mara yeye ndiye anayemaliza.

Niliwahi kuwarudisha watoto kama hawa nyumbani na karatasi za kupaka rangi. Wazazi wale nawaomba radhi.

Mama wa Langoni
Nimetoka kumpima sasa hivi. Nyayo zake haziko chini, ziko juu ya sakafu kwa vidole vinne. Kaka fundi, huku kwetu hewa ya bahari ina unyevu, maboksi niyaanike siku ngapi?

Fundi wa Maweni
Usihesabu siku, dada. Bandika tabaka chache, anika mpaka ukigonga palie kama ubao, ndipo uongeze nyingine. Usiku yaingize ndani. Nitumie kipimo cha unyayo mpaka goti, hicho kibao cha miguu nitakikata mimi.