Nyumba za mashine na ghala za mafuta katika visiwa vya ngome: gofu tupu lisomwe vipi?

Swali, kutoka kwa Mwanafunzi wa Majengo, Unguja

Assalaam aleikum. Ninajifunza utunzaji wa majengo ya kale hapa Mji Mkongwe, na nimepewa kazi ya kueleza magofu ya vita ya Inchcolm na Cramond, visiwa vidogo vya ghuba ya Firth of Forth, mashariki mwa Uskoti. Waingereza waliviwekea mizinga ili kuzuia manowari za adui zisiifikie bandari ya Rosyth wala daraja la reli. Mahali pa mizinga panajieleza penyewe. Kinachonitatiza ni vyumba vya matofali na zege ambavyo vingine huitwa nyumba za mashine na vingine ghala za mafuta, ilhali mashine zenyewe ziliondolewa zamani na milango haipo. Mtu hutambuaje kazi ya kila chumba, na kisiwa kidogo namna hiyo kilihitaji umeme wa nini?

Jibu, kutoka kwa Fundi Mstaafu, Chake Chake

Waaleikum salaam, mwanangu. Umeme ulikuwa hasa wa taa za kumulika bahari. Mzinga haufai kitu usiku ikiwa mpigaji haoni chombo kinachokuja, na taa zile, ambazo mwanga wake ulitokana na umeme kuruka kati ya vijiti viwili vya kaboni, zilihitaji umeme mwingi usiokatika. Kwa hiyo jenereta ilikaa palepale kisiwani. Sisi wa Pemba hatuhitaji kuelezwa sana jambo hili, kwani kabla ya waya wa chini ya bahari kutoka Tanga kuanza kazi mwaka 2010, umeme wetu ulitoka katika majenereta ya dizeli ya Wesha.

Ukiingia ndani, usianze na kuta, tazama sakafu. Injini hukalishwa juu ya kitalu cha zege kilichoinuka, na mara nyingi kitalu hicho huachanishwa na sakafu kwa ufa mwembamba ili mtikisiko usipasue jengo. Juu yake utaona bolti zilizokatwa, au matundu yake yaliyojaa kutu, yamepangwa kwa jozi. Pembeni hupita mtaro mdogo wa nyaya, na ukutani huwa na tundu la bomba la moshi, wakati mwingine bado lina masizi. Tafuta pia alama za tangi la maji ya kupozea.

Jibu, kutoka kwa Mwalimu wa Historia, Wete

Nakubaliana na mzee wetu, nami naongeza upande wa mafuta. Ghala lilitengwa na injini, ama kwa ukuta mnene ama kwa kujengwa mbali kidogo, kwa sababu moto mmoja ungezima taa zote za kisiwa. Halina kitalu cha injini. Madirisha ni machache au hayapo, bali kuna matundu ya hewa, na kizingiti kikiwa kimeinuliwa, kazi yake ni kuzuia mafuta yaliyovuja yasitiririke nje.

Hatari hiyo haikuwa ya kudhania. Katika mlango wa ghuba ya Manila, huko Ufilipino, Wamarekani walijenga Fort Drum juu ya mwamba wa El Fraile kati ya 1909 na 1914, wakaipa mizinga minne ya inchi 14 na kuta za zege zenye unene unaozidi mita 7. Wajapani waliitwaa Mei 1942. Wamarekani waliporudi, tarehe 13 Aprili 1945, hawakuivunja kwa makombora: walipanda juu yake, wakamimina ndani mchanganyiko wa dizeli na petroli kwa bomba la mpira, wakatega baruti na kuondoka. Ngome iliungua kwa siku kadhaa, na Wajapani waliokuwamo waliangamia. Mimi huliona tukio hilo kuwa la kutisha kuliko mapigano mengi ya wazi.

Mwanafunzi wa Majengo

Nawashukuru sana, wazee wangu. Je, mtaro wa nyaya unaweza kunionyesha taa ilikokuwa?

Fundi Mstaafu

Ndiyo. Chora kwanza mahali mtaro unapotokea ukutani, kisha fuata mwelekeo wake hadi ufukweni, kwa kuwa taa ziliwekwa chini karibu na maji. Pima pia nafasi kati ya bolti kabla mtu hajafagia chumba au kupaka chochote, maana vipimo hivyo ndivyo vitakavyosaidia kujua ukubwa wa injini iliyokuwapo.