Je, kifo cha mtoto kinaweza kuwa hukumu kwa kosa la baba yake?

Mleta mada (Rungwe)

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Masika iliyopita, kijijini kwetu upande wa Kiwira, mvua ilinyesha siku nne mfululizo, na alfajiri ya siku ya tano ukuta wa jiko la tofali mbichi ukamwangukia mtoto wa jirani yangu, mwenye miaka sita, akafa kabla hatujamaliza kuondoa kifusi. Msibani mhubiri mmoja alisimama kando ya jeneza akasema kwamba Mungu hadhihakiwi, na kwamba mtu anayegoma kutimiza ahadi yake ya ujenzi wa kanisa asishangae akijibiwa. Baba wa mtoto alikuwa ameketi mkekani, ameshika raba moja ya mwanawe, akiugeuzageuza ule mguu wa kiatu kana kwamba anatafuta palipotoboka. Hakuinua uso.

Siulizi kama mhubiri alikosa adabu. Hilo halina mjadala. Ninachouliza ni hiki: katika 2 Samweli 12, nabii Nathani anamwambia mfalme Daudi, aliyemtwaa mke wa Uria na kusababisha Uria auawe, kwamba mtoto aliyezaliwa na mwanamke huyo atakufa kwa sababu ya dhambi ya baba, na siku ya saba mtoto anakufa kweli. Ikiwa Maandiko yanasema hivyo, mhubiri wetu amekosea wapi? Na ikiwa hakukosea, huyo Mungu tunamwita mwenye haki kwa maana gani?

Mwinjilisti wa Tukuyu

Pole sana ndugu yangu, utufikishie pole kwa wafiwa. Nathani alitumwa, mhubiri wenu alisoma daftari la ahadi. Soma Luka 13, ambapo Yesu anawakumbusha watu wale kumi na wanane walioangukiwa na mnara wa Siloamu, anauliza kama walikuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu, kisha anajibu mwenyewe kwamba sivyo, na papo hapo anawageuzia neno la toba wao waliosimama wakimsikiliza. Katika Yohana 9 pia wanafunzi wanauliza ni nani aliyetenda dhambi, kipofu au wazazi wake, naye anawakatalia yote mawili.

Niongeze jambo kama mtu wa huku. Wamisionari Wamoraviani walifika Rungwe mwaka 1891, na kabla yao wazee wetu waliamini kwamba hasira ya majirani ingeweza kumdhuru mtu hata akafa, kwa hiyo penye msiba alitafutwa mkosaji. Nadhani mhubiri yule aliifufua imani hiyohiyo, ila safari hii ameivika joho.

Mwalimu wa dini, Iringa

Tumsifu Yesu Kristo. Mafundisho ya Kanisa Katoliki yanatofautisha mambo mawili ambayo misibani huchanganywa. Kifo kiliingia ulimwenguni kwa dhambi, kama Warumi 5 inavyosema, lakini kinatupata sote, watakatifu na watoto wachanga kwa pamoja, kwa hiyo namna mtu alivyokufa haitoi ushahidi dhidi yake wala dhidi ya baba yake. Hukumu ya kila mmoja huja baada ya kifo, kama Papa Benedikto wa 12 alivyotamka mwaka 1336, na hakimu wake si mhubiri. Tena kitabu cha Hekima ya Sulemani, ambacho Biblia za ndugu zetu Waprotestanti kwa kawaida hazina, kinasema wazi kwamba Mungu hakuifanya mauti.

Msomaji wa Njombe

Wakubwa zangu, mmemjibu mhubiri, hamjamjibu mleta mada. Mtoto wa Daudi hakukosa lolote, na katika 1 Samweli 15 amri ya Mungu ya kuwaua Waamaleki inawataja hata wanyonyao. Marcion, mwalimu wa Kikristo wa karne ya pili, aliona ugumu huu, akaamua kwamba Mungu wa Agano la Kale si Baba wa Yesu. Kanisa la Roma likamtenga mwaka 144 na vitabu vile vikabaki vyetu, kwa hiyo hatuwezi kusema havituhusu. Wapo wanaojibu kwamba alitakalo Mungu ndilo haki, basi. Lakini Ibrahimu, katika Mwanzo 18, anamuuliza Mungu uso kwa uso, "Mhukumu ulimwengu wote asitende haki?", wala hakemewi kwa kuuliza. Mimi nasali kila Jumapili, na swali hili naenda nalo.

Mwinjilisti wa Tukuyu

Umenibana, nami nakiri kwamba sina jibu la kuufunga mlango huo. Ninachoona ni kwamba Daudi, akiwa amekwisha kusikia hukumu, alifunga na kulala chini akimwombea mtoto, maana yake hakuihesabu kuwa jambo la kunyamaziwa. Na Ezekieli 18 inaikana waziwazi ile methali ya baba kula zabibu chungu na meno ya watoto kufa ganzi: mwana hatabeba uovu wa baba yake. Hili nitalisema kila msiba nitakaohubiri.

Mleta mada (Rungwe)

Nashukuru nyote. Baada ya kusoma habari ya Siloamu nilikwenda kupaangalia pale jiko lilipokuwa. Msingi umechimbika upande mmoja tu, upande wa kwangu, na mchirizi wa maji unaanzia chini ya bati langu, ambalo sijalifunga gata tangu niliezeke. Jumamosi fundi anakuja kulifunga. Kwa baba wa mtoto bado sijaenda.