Bunduki ya kwanza ya kulungu kwa kijana wa miaka 12, Ohio: .243, .350 Legend au shotigani ya geji 20?

Dayton_Porini: Wakuu, habari za jioni. Kijana ana miaka 12, kilo 40, mikono mifupi. Kozi ya uwindaji keshamaliza, na msimu wa vijana ni Novemba. Tutakaa kibandani pembeni ya shamba la mahindi, hakuna shabaha itakayozidi yadi 120. Nimetajiwa tatu: raifo ya .243 Winchester, raifo ya .350 Legend, na shotigani ya geji 20 yenye risasi ya donge moja. Nichukue ipi?

FundiMtutu: Ya kwanza ifute. Kwa kulungu, Ohio inakubali raifo ya ganda lililonyooka tu (ganda la risasi lisilobanwa shingoni), kaliba, yaani kipenyo cha risasi kwa inchi, .357 hadi .50. Ganda la .243 ni la .308 lililobanwa shingo, basi halimo. .30-30 nayo ina shingo. Watu husahau kwa sababu ni ya zamani. Ukivuka mto kuingia Kentucky, .243 ni halali. Jambo jingine: risasi ndani ya bunduki zisizidi 3, chemba na magazini pamoja.

Mrima: Kwa hiyo ni Legend au geji 20, na hapo sioni mjadala mkubwa. Legend ya greni 150 (greni ni kipimo cha uzito wa risasi) hutoka kwa takriban futi 2,300 kwa sekunde, na teke lake, yaani jinsi bunduki inavyorudi begani, ni la kiasi kile kile cha .243. Donge la geji 20 kwenye bunduki nyepesi ya pauni 6 linapiga zaidi, sana. Mtoto akishaumia bega mara tatu, ya nne atafumba macho kabla ya kufyatua, na ugonjwa huo kuutibu ni miezi.

Kijiji_Akron: Mrima, usiizike geji 20. Mtutu wenye mifereji ndani ya kuizungusha risasi, darubini, na uzito wa pauni 7 na zaidi, inalenga vizuri tu yadi 100. Tatizo ni mtutu laini wenye shanga tu mbele ya kulengea: hapo yadi 50 ndiyo mwisho kwa mtoto. Na donge lenye koti la plastiki ukilipiga kwenye mtutu laini, halizunguki, linakwenda linakotaka. Kama bunduki ipo nyumbani tayari, sioni dhambi. Ila kununua mpya, Legend.

FundiMtutu: Naongeza: muuzaji akikuletea .450 Bushmaster kwa kuwa “nayo imenyooka”, mshukuru uondoke. Teke lake si la mtoto wa kilo 40.

MamaWawili: Mnabishana kaliba, kitako cha bunduki hamjakigusa. Vitako vya watu wazima, kutoka kifyatulio hadi begani, ni inchi 13.5 au zaidi. Vya vijana ni 12 hadi 12.5. Kipimo chake: akunje kiwiko pembe mraba, kitako kikae kwenye mkunjo wa kiwiko, pingili ya kwanza ya kidole cha shahada ifike kwenye kifyatulio bila kuvuta bega. Apime AKIWA AMEVAA KOTI LA BARIDI. Koti nene linaweza kula inchi nzima. Nunua chenye vipande vya kuongeza, maana mwakani atakuwa mrefu.

Darubini nayo mfungie yeye, si wewe. Baba akiifunga kwa shingo yake, mtoto anasogeza uso mbele kutafuta picha, na pete ya darubini inampasua nyusi. Awe na inchi 3.5 hivi kati ya jicho na kioo, na ukuzaji ubaki wa chini kabisa.

Dayton_Porini: Shukrani sana. Risasi za Legend sasa, maana dukani ziko za kila aina.

Mrima: Zenye ncha laini au ya plastiki, greni 150 hadi 180. Winchester Deer Season XP 150, Hornady American Whitetail 170, Federal Power-Shok 180, zote zinafaa. Zile za bei nafuu zilizovikwa shaba yote ni za mazoezi: zinatoboa bila kupanuka, kulungu anakimbia na tundu dogo na damu hamwoni. Za greni 255 ni za mwendo wa chini ya sauti, ziache. Chukua maboksi 3 yenye namba ile ile ya toleo (imepigwa muhuri kwenye boksi), maana ukibadilisha chapa, mahali risasi inapopiga panahama.

Kijiji_Akron: Weka sifuri yadi 100, yaani rekebisha darubini risasi ipige pale pale unapolenga kwa umbali huo. Akifika 150 inashuka kama inchi 3, baada ya hapo inaporomoka. Mazoezi mengi yawe ya .22 (raifo ndogo ya teke dogo), Legend risasi 5 au 6 kwa siku, vizibo ndani ya masikio na vifuniko juu yake. Chomeka risasi bandia (isiyo na baruti) katikati bila yeye kujua. Mtutu ukiruka bila mlio, kashtuka. Akiweza kutia 5 kati ya 5 kwenye sahani ya karatasi ya inchi 8, ameketi, basi umbali huo ndio mpaka wake.

MamaWawili: Na kwa sisi tunaokula halali, bismillahi aizoee tangu uwanjani, kabla ya kidole kugusa kifyatulio.

Dayton_Porini: Amin. Swali la mwisho: ya risasi moja yenye nyundo ya kuvutwa kwa kidole gumba, au ya bolti (ya kukoki kwa mkono wa pembeni)?

FundiMtutu: Bolti. Nyundo iliyo chini ya darubini, kwa kidole gumba kilichoganda baridi, huteleza nusu njia. Ukiipenda ya nyundo kwa bei yake, fungia kirefusho cha nyundo kinachotokeza pembeni, halafu umzoeze kuishusha nyundo taratibu, chemba ikiwa tupu, mara 50.