Nyumba ya baba Katindo: watu watatu wametupatia bei tatu, ya kweli ni gani?

mwana_katindo

Bandugu ba Goma salamu. Niko na swali juu ya nyumba, naomba mutu mwenye anajua anijibu polepole. Baba alituachiaka parsele (kiwanja) moja hapa kartie (mutaa) ya Katindo, metre 20 kwa 25, na nyumba ya matofali, vyumba vine na salo, alijengaka mwisho wa miaka ya 80. Mabati ya mbele tulibadilisha, ya nyuma ni yale yale ya zamani, mvua kali ikinyesha tunaweka mabeseni. Kwa nyuma kuko aneks (nyumba ndogo ya pembeni) ya mbao, vyumba viwili, tunapangishaka wanafunzi.

Tuko batoto batano. Yaya, ndugu yetu mukubwa, anaishi Kampala, hana mupango wa kurudia, anataka tumupe sehemu yake kwa feza, sisi wane tubakie na nyumba. Hapo hakuna ugomvi, ugomvi uko kwa bei. Komisionere (dalali wa nyumba) mmoja alikuja, akazunguka, hata ndani hakuingia, akasema 120.000 dola. Baba mudogo anasema haipite 45.000. Jirani anasema tukiomba 80.000 tutapata. Sasa yaya ameshika ile 120, anapiga hesabu ya kugawa na tano, anasema yake ni 24.000 na hapunguzi hata dola moja. Hiyo feza sisi wane tukijikusanya na pikipiki zetu zote hatuifikie. Je kuna njia ya kujua thamani ya nyumba bila kuiuza? Nani anafanyaka hiyo kazi na anaangaliaka nini?

piki_ya_birere

Bei ya nyumba ni feza yenye mutu anatoa mufukoni, ingine yote ni hadisi. Muulize huyo komisionere kama yeye ananunua kwa 120, utaona vile anakumbuka ako na rendevu Majengo.

fundi_keshero

Piki anacheka lakini amesema ukweli nusu. Nusu ingine ni kwamba hamuuzi, kwa hiyo hakuna mutu wa kutoa feza, lazima mupige hesabu. Kuna njia tatu na mutu wa maana anapita zote tatu halafu analinganisha, si kuchagua ile inamufurahisha.

Ya kwanza ni kuangalia parsele zenye ziliuzwa kweli karibu na kwenu, siku za karibuni, ukubwa sawa sawa. Ziliuzwa, si zenye kuandikwa kwa ukuta "inauzwa". Tafuta tatu ao ine. Hapo ndipo kazi iko ngumu, juu mwenye aliuza anaongeza ili aonekane mujanja, mwenye alinunua anapunguza juu ya kodi ya serikali, na komisionere anaweka yake juu. Mimi nauliza bashahidi benye waliweka sinyatire kwa kontra ya uuzaji, na shefu wa avenue, bale banajua. Halafu unarekebisha: yao mutoka inaingia mpaka mulangoni, yenu je? Yao maji ya robine inafika, yenu munategemea siterne ya mvua? Ni ya kona? Ukuta wa kuzunguka uko wa mawe ao ni mabati?

Ya pili ni kuuliza kujenga hii nyumba leo kunaomba ngapi, halafu unatoa uzee wake, halafu unaongeza kiwanja. Tuseme nyumba yenu ni metre kare 110. Tuseme fundi anakuambia 250 dola kwa metre kare (naandika namba ya mufano, wewe uliza yako kwa bafundi wawili watatu). Hiyo ni 27.500. Nyumba ya mwisho wa miaka ya 80 yenye mabati nusu yanavuja, mimi natoa asilimia 40, inabaki 16.500. Kama viwanja vya 20 kwa 25 bila nyumba vinauzwa karibu yenu 30.000, basi mufika 46.500. Baba yenu mudogo si mujinga.

Lakini watu wanasahau vitu vya chini. Hapa tunaishi juu ya jiwe. Shimo la fose septike (ya choo) ya maana kwenye jiwe la volkano ni bapiga-nyundo na burin wiki na wiki, ni feza nyingi kuliko mutu wa Bukavu anaweza kuamini. Kama baba yenu alichimbisha fose nzuri na siterne kubwa, ingia upime, uandike, ni sehemu ya thamani. Aneks ya mbao kinyume chake, isikudanganye, munuzi anaihesabia kama mbao za kubomoa.

Ya tatu ni ya kodi ya kupangisha. Nyumba ikipangishwa inaleta ngapi? Tuseme 300 kwa mwezi, 3.600 kwa mwaka. Toa mwezi moja ya nyumba kukaa bila mupangaji, inabaki 3.300. Toa 400 ya kurekebisha. Toa kodi ya serikali juu ya mapato ya kupangisha, tuseme asilimia 22, hiyo ni 726. Mukononi inabaki 2.174. Sasa mutu mwenye kuleta 120.000 juu ya kupata 2.174 kwa mwaka, ataona feza yake imerudi baada ya miaka 55. Atakuwa amezikwa. Mutu mwenye anataka feza yake imuletee asilimia 8 kwa mwaka hatapita 27.000 na kitu.

Utaniuliza juu ya nini njia ya pili inatoa 46 na ya tatu 27. Ni juu hapa Goma watu hawanunuaki parsele ili waipangishe tu, wananunua ili kuchunga feza. Na tangu benki zilifungwa mwezi wa kwanza 2025, zaidi. Kwa hiyo kiwanja kinabeba bei kuliko nyumba, na kodi peke yake haikuambii yote.

komi_himbi

Mimi ni komisionere, nasoma tu munavyotutukana. Tunatangaza juu kwa sababu munuzi wa Goma lazima apunguze ndiyo alale vizuri. Nikisema 50 ataniambia 35. Ile 120 ni bei ya kuanza kuongea, si thamani, na kijana alipaswa kuwaambia hivyo.

Halafu fundi, hiyo kodi yako ya 300 ni ya leo. Miaka ile ONG (mashirika ya musaada) na watu wa MONUSCO (ya Umoja wa Mataifa) walikuwa wanapanga Himbi na Katindo mpaka nyumba inakosa, nyumba kama hii yenye ukuta na parking ilikuwa inaenda mara mbili hivyo na mwenye nyumba analipwa miezi sita mbele. Ukipima nyumba siku soko limelala, unaipima mugonjwa. Yaya wa Kampala anaweza kusema munamunyonya.

fundi_keshero

Komi, hapo niko na wewe. Ndiyo maana karatasi ya thamani lazima iandikwe tarehe na sababu. Thamani ya kugawana urithi, ya kuuza haraka na ya kuwekea benki rehani, ni tatu mbalimbali. Benki zilipokuwa zinakopesha, eksperti wao alikuwa anapima bei ya kuuza kwa nguvu, na mwenye nyumba anatoka akilia. Hapa kwenu hakuna haraka ya kuuza, kwa hiyo musitumie bei ya mutu mwenye anakimbia muji, lakini musitumie ya wakati wa ONG pia. Ile haiko tena, na hakuna mutu anajua itarudi lini.

mama_neema

Mwanangu, umeandika yote, mabati, fose, baba mudogo. Mama yenu yuko wapi?

mwana_katindo

Mama yuko, shikamoo mama. Anaishi ndani ya nyumba na mudogo wetu wa mwisho. Walifunga ndoa kwa leta (serikali), karatasi iko.

mama_neema

Marahaba. Basi acheni kwanza kupima matofali.

karatasi_kwanza

Mama Neema amefungua mulango, mimi niingie. Niko nasoma sheria, hii nimeiona kwa familia nyingi.

Kanuni ya familia ya tarehe 1 Agosti 1987, yenye kurekebishwa tarehe 15 Julai 2016, inasema mujane ako na haki ya kukaa na kutumia nyumba yenye alikuwa anaishi na bwana yake. Hamuwezi kumutoa, na munuzi akinunua leo ananunua nyumba yenye mama ndani. Hiyo peke yake inashusha bei.

Pili, hesabu ya yaya ya kugawa na tano imeruka vitu viwili. Kama wazazi hawakuchagua kitu ingine wakati wa ndoa, vitu walivyopata pamoja ni vya wote wawili, kwa hiyo nusu ya nyumba yaweza kuwa ya mama tangu zamani, haiingie kwenye urithi. Inategemea tarehe ya ndoa na namna ilivyofungwa, muangalie karatasi. Halafu kwa ile nusu ya baba, watoto wote pamoja wanapata robo tatu, robo yenye inabaki ni ya mujane, wazazi wa marehemu na ndugu zake. Tuchukue ile 46.500 ya fundi. Nusu ni 23.250. Robo tatu yake ni 17.437. Gawa na tano, kila mutoto ni karibu 3.490. Sisemi mumupe hiyo, nasema ndiyo namba yenye korti inaweza kuanza nayo, na 24.000 iko mbali.

Tatu, hati. Ardhi ya Congo ni ya Serikali tangu sheria ya tarehe 20 Julai 1973, wewe uko na haki juu yake tu, na bei ya hiyo haki inafuata karatasi. Muko na sertifika ya anrejistrema (hati kamili ya kiwanja) ao muko na kontra ya lokasio (ya kukodi kiwanja kwa Serikali) tu? Sertifika ikipita miaka miwili hakuna mutu anaweza kuishambulia tena, mwenye kudai anaweza kuomba feza tu lakini si kiwanja. Kontra ya lokasio ni ahadi, unapewa muda ujenge ndiyo upate hati ya maana. Na kama iko bado kwa jina la marehemu, munuzi mwenye akili anakata bei ao anaenda zake.

mwana_katindo

Sertifika iko, ya 1991, kwa jina la baba. Bado hatujafanya mabadilisho ya jina. Nimemutumia yaya hiyo hesabu ya 3.490, amenipigia na hasira, anasema mumemufanya maskini kwa namba za intaneti.

komi_himbi

Naye ako na haki ya kukasirika kidogo, 24 mpaka 3 na nusu ni kuanguka kutoka ghorofani. Ushauri wa bure kutoka kwa komisionere, kitu chenye hamtaona mara mbili: musipime ninyi wenyewe. Chukueni jeometre wa kadastre (mupimaji wa viwanja wa serikali) apime tena mipaka, na mutu wa Divizio ya Urbanisme na Habitat (ofisi ya serikali ya mipango ya muji na nyumba) ao arshitekte mwenye haishi kwenye avenue yenu, alipwe na ninyi wote watano, yaya atume sehemu yake ya feza toka Kampala. Mutu mwenye amelipia ripoti ataisoma. Na asilipwe asilimia ya bei, alipwe feza moja kavu, juu mwenye analipwa asilimia nyumba yenu itafika 200.

Na muulize pia kuhusu kartie. Katindo haikuwa ndani ya zile kartie 10 zenye ziliambiwa zihame juu ya volkano ya Nyiragongo tarehe 27 Mei 2021, Majengo na Bujovu zilikuwa. Wanunuzi wanakumbuka, hawasemi tu.

piki_ya_birere

Na mazuku, ile gazi ya kuua? Mimi niliwekewa parsele upande wa Lac Vert bei ya kuchekesha, nikashangaa, mpaka mutoto wa pale akaniambia mbuzi zinalalaka asubuhi kwa lile shimo la chini na haziamuki tena.

fundi_keshero

Ndiyo hiyo, gazi inatoka ndani ya udongo, ni nzito kuliko hewa, inajikusanya mahali pa chini. Parsele ya pale usiipime bila kuuliza majirani, na usijenge chumba cha kulala chini. Katindo hii haiwahusu, turudi.

Mwana Katindo, kwa yaya fanyeni hivi. Ripoti ikitoka, mukubaliane sehemu yake, mumulipe kwa vipande, kila kipande na karatasi. Halafu muandike kwamba kama ninyi wane munauza nyumba ndani ya miaka mitano kwa bei inapita ile ya ripoti, yaya anapata sehemu yake ya ile ya juu. Hapo hofu yake ya kunyonywa inakufa, na ninyi hamulipe leo bei ya kesho.

karatasi_kwanza

Hiyo ni nzuri, ila iandikwe na likidatere (musimamizi) wa urithi akiwa amekwisha kukubaliwa na korti, na mama aweke sinyatire. Bila mama hiyo karatasi ni ya kufungia mandazi.

mwana_katindo

Aksanti sana. Mama amesema yuko tayari, lakini anataka kujua kama aneks inaingia ndani ya hesabu.

mama_neema

Nani alinunua mbao?

mwana_katindo

Mimi na mudogo wangu, 2019, baba alikuwa amekwisha kufa. Risiti ya mbao na ya mabati yake niko nayo.

mama_neema

Basi hiyo mwambie eksperti aiandike pembeni, si ya baba. Na umutumie yaya picha ya risiti leo, mbele ripoti haijatoka, asije kusema iliandikwa kisha.