Risoto ya samaki wa ziwani: nimeshaharibu mara mbili, naomba msaada

Fundi_Redio_Igoma

Wakuu, habari za Jumapili. Mke wangu alikwenda semina Unguja mwaka jana, akalishwa risoto, ule wali mzito wa Kiitaliano, ya kamba na ngisi. Tangu siku hiyo kila wali ninaopika unapimwa kwa ule wa Unguja. (Wikendi napika mimi, yeye ana zamu.)

Mara ya kwanza nikaosha mchele maji matatu kama nilivyolelewa, nikamimina maji ya kidonge cha supu yote kwa mkupuo, nikafunika, nikapalia. Ulitoka wali safi wa kuchambuka, yaani pilau lililosahau bizari. Mara ya pili nikakoroga dakika arobaini. Mtoto akauliza nani anaumwa.

Na kamba nao! Nilinunua pakiti ya nusu kilo ya kugandishwa, duka silitaji. Barafu ilipoyeyuka nikabaki na kamba kumi na mmoja na bakuli la maji. Mchele wa Arborio, ule wa Kiitaliano wa risoto, nimeuona mjini, ila kwa bei ya pakiti moja naondoka na kilo tano za mchele wetu. Nipo Igoma hapa Mwanza, nina jiko la gesi la plate moja na la mkaa. Inawezekana kwa mchele wetu na samaki wa ziwani, au niache?

Mtanga_Halisi

Mkuu, hiyo ya mara ya pili sisi huku tunaita mashendea, na risoto ni mashendea yaliyopata pasipoti. Umeshafaulu, hujijui tu.

MamaMapanki

Mwangaluka. Achana na huyo wa pwani, anakutania. Mimi nimepika jikoni kwa watu miaka kumi na miwili, minne kati ya hiyo chini ya mzee mmoja wa Kiitaliano aliyekuwa akinigonga vidole kwa mwiko kila nikishika mfuniko. Kwa hiyo sikiliza, mdogo wangu.

Ule weupe unaoumwaga karoni ndio risoto yenyewe. Sisi tunaosha wanga ili wali uchambuke. Wao wanataka wanga utoke kwenye punje ufanye supu iwe nzito, huku punje ikiwa bado na kakiini kagumu kidogo ukiing'ata. Peta, chagua mawe, basi, usioshe. Arborio na Carnaroli ni punje nene za bonde la mto Po, na ndizo bora, sikudanganyi. Mfuko ukikataa, nenda sokoni ukaulize kile ambacho mpika pilau anakikimbia: mchele mpya, uliovunwa juzi. Wa zamani unachambuka, mpya unashikana. Tia na kiganja kimoja cha chenga. Haitakuwa ya Milano, lakini itatiririka.

Sasa supu, na hapa ndipo uliponiudhi. Unaishi Mwanza, minofu ya sangara inapanda ndege kwenda Ulaya, mapanki, yaani mifupa inayobaki minofu ikishatolewa, yanabaki na sisi, halafu wewe unapika na kidonge? Amka mapema uende Mwaloni pale Kirumba, ununue kichwa cha sangara au mapanki mabichi, siyo yaliyokaangwa. Ng'oa matamvua yote, yale mekundu ndani ya mashavu, ndiyo yanayotia uchungu. Sugua damu iliyoganda kwenye uti. Bandika na maji baridi, kitunguu, karoti, punje za pilipili manga na mabua ya giligilani. Ikianza kutokota punguza moto, engua povu, nusu saa ipua na uchuje. Ukiiacha masaa kama makongoro, inakuwa gundi.

Supu hiyo ikae kwenye mkaa, ya moto muda wote. Kwenye gesi weka sufuria pana, mafuta kidogo na kitunguu kilichokatwakatwa kama mchanga, kilainike bila kubadilika rangi. Mimina mchele mkavu, ugeuze mpaka ukiugusa unaunguza kidole. Glasi ndogo ya divai nyeupe, hata ya Dodoma, iache ikauke. Halafu upawa mmoja wa supu, koroga, ikinyweka upawa mwingine. Watu wanne ni mchele gramu 320 na supu lita moja na robo hivi. Usifunike!

Vitabu vyao vitakwambia dakika 18. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, kwa hiyo hapa inachelewa. Saa weka mbali, onja.

Ikiiva, epua, tupia siagi ya baridi na uikoroge kwa nguvu. Ukigonga sahani kwa chini, risoto ijitandaze yenyewe, kama maji ya Nyegezi siku isiyo na upepo. Ikisimama kama ugali, ongeza supu. Jibini acha, Waitaliano wengi hawaliweki kwenye samaki, na yule mzee angekufukuza jikoni.

Na kamba waache baharini kwao. Kule Italia kuna ziwa Como, wanakula risoto na minofu ya samaki wao wa ziwani, pesce persico, iliyokaangwa kwa siagi na majani ya seji. Sangara wetu wanamwita persico del Nilo, ingawa hao wawili si wa ukoo mmoja. Kata minofu, paka unga kidogo, kaanga pembeni, iweke juu wakati wa kupakua. Ukiikoroga ndani inasambaratika yote.

UmmuSalma_Kirumba

Dada, ahsante kwa darsa. Kwa sisi tusiotumia divai?

MamaMapanki

Ndimu, mama. Nusu tu, na uikamue mwishoni pamoja na siagi. Ukiitia mwanzo inachacha.

Fundi_Redio_Igoma

Shikamoo dada. Nimepika jana. Muuza samaki alishangaa nataka kichwa na mapanki peke yake, akaniuliza kama nina mbwa. Mchele mpya nimepata Buhongwa, supu nimefuata neno kwa neno, ila nilikoroga mpaka bega likauma, na tawi moja la tamvua lilinipita, kuna kauchungu kwa mbali. Juu nikarushia dagaa wakavu niliowakaanga wakawa kama bisi (niliwachambua mchanga saa zima). Mama watoto alikula kimya, akaongeza, kisha akasema ya Unguja ilikuwa na chumvi zaidi. Nimeipokea hiyo kama ushindi.

Swali moja: iliyobaki imelala kwenye friji, leo ni tofali. Nitupe?

MamaMapanki

Marahaba. Usitupe hata punje. Finyanga madonge kama ya kababu, chovya kwenye yai, viringisha kwenye unga wa mkate mkavu, kaanga kwa mafuta mengi. Wao wanayaita arancini. Na matamvua yana pande mbili, siku nyingine funua shavu la pili.