Sri Lanka kujifunza kupanda mawimbi: Julai Arugam Bay au Januari Weligama?

MgeniWaMawimbi
Wakuu, salama? Nina likizo ya wiki mbili, naweza kuichukua Julai au Januari. Nataka Sri Lanka, nijifunze kupanda mawimbi kwa ubao. Nimewahi kujaribu mara nne tu, zote kwenye povu la ufukweni. Kila ninayemuuliza anausifia msimu aliokwenda yeye. Aliyefika pande zote mbili anisaidie.

KasaMzee
Mkuu, kisiwa kile hakina msimu mmoja, kina pwani mbili zinazopokezana. Pepo ni zilezile za kusi na kaskazi. Upepo wa kusi ukishavuka ikweta hupinda, ukaingia Sri Lanka ukitokea kusini-magharibi, takriban Mei hadi Septemba. Hapo Weligama, Midigama na Hikkaduwa, za pwani ya kusini na kusini-magharibi, zinapigwa usoni: upepo unatoka baharini, maji yanachafuka, wimbi linaanguka ovyo. Arugam Bay iko mashariki, kwa hiyo upepo uleule unaifikia ukitokea nchi kavu. Unalizuia wimbi lisianguke mapema, linasimama wima na kuvunjika polepole kuanzia kwenye rasi. Kaskazi ikiingia, mambo yanageuka. Julai nenda mashariki, Januari nenda kusini. Usichanganye.

PovuTupu
Nilikwenda Julai. Mawimbi mazuri, sibishi. Lakini Main Point, pale penye wimbi kuu la Arugam Bay, si pa mtu wa mara nne! Wimbi linakimbia kulia, refu, na watu wote wamejazana palepale linapoanzia. Siku ya kwanza nilikaa saa mbili juu ya ubao nikapata mawimbi mawili, na la pili nikafokewa kwa kumkatia njia mtu aliyekwisha kusimama. Haki yake. Kesho yake nikahamia Baby Point, ghuba ileile, mawimbi madogo, tunaanguka pamoja bila kuoneana aibu.

ChumviMgongoni
Kwa anayejifunza, Januari Weligama, sioni hata cha kujadili. Ghuba pana, chini mchanga. Halafu mawimbi yale yanazalishwa na dhoruba za mbali sana, bahari ya kusini kuelekea Antaktika. Julai huko ni majira ya baridi, dhoruba kali, mawimbi yanafika na nguvu zake. Januari yanafika yamepoa, na wewe hayo ndiyo unayoyataka.

Ila usije ukavimba kichwa ukakimbilia Midigama siku ya tatu kama mimi. Chini kule ni mwamba. Aliyekuwa akinifundisha alisema kina kinatosha, nami nikaamini. Niliruka kutoka kwenye ubao kwa miguu, nikapanda ngazi za nyumba ya wageni kwa magoti siku nne. Maji ya Sri Lanka hayapwi sana, tofauti haifiki hata mita moja, lakini juu ya mwamba shubiri mbili zinatosha kukuumiza. Ukianguka, anguka chali, mwili ubaki juujuu.

MgeniWaMawimbi
Pole sana mkuu. Na nikipata Aprili?

KasaMzee
Aprili ni bahati nasibu. Pepo zinabadilishana zamu. Kusini bado kunaweza kukupa asubuhi nzuri mwanzoni mwa mwezi, mashariki ndiyo kwanza kunaamka. Mwenye wiki mbili tu asicheze kamari hiyo.

Mwezi wowote utakaokwenda, uwe majini saa kumi na mbili asubuhi. Upepo wa baharini ukishaamka, mara nyingi kuanzia saa nne au tano, uso wa maji unakunjamana na mwalimu wako anaanza kutazama saa.

PovuTupu
Na fulana ya mikono mirefu! Maji yana joto kama nyuzi 28, husikii jua likikuchoma hadi usiku unapojaribu kulala.

MgeniWaMawimbi
Basi Januari, Weligama, nakodi ubao mrefu wa sponji. ChumviMgongoni, Midigama nitaitazama nikiwa barabarani.

ChumviMgongoni
Tulisema hivyo hivyo wote 😂