Naomba ushauri: hadithi ya Catrin na Edmund niianzie wapi?

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za leo. Naandika hadithi fupi ya uasi wa Owain Glyndŵr kule Wales, ulioanza Septemba 1400 dhidi ya Mfalme Henry IV wa Uingereza, na nimekwama.

Edmund Mortimer, bwana wa Kiingereza, alitekwa na watu wa Owain kwenye vita vya Bryn Glas, Juni 1402. Mfalme akakataa kumkomboa. Kabla mwaka haujaisha mateka huyo alikuwa ameshamuoa Catrin, binti wa Owain, na Desemba akawaandikia watu wake kwamba sasa yuko upande wa baba mkwe. Alifia ndani ya ngome ya Harlech ikiwa imezingirwa, 1409. Catrin na watoto wakachukuliwa hadi London, akafia huko 1413. Kwa kweli, hapo kwa Catrin ndipo roho inaniuma.

Nimejaribu kuanza na harusi, ikatoka kavu kama hotuba. Nikaanza na Edmund akiandika ile barua, mshumaa unakaribia kuisha, Catrin kasimama mlangoni kimya. Pakapata uhai, ila sasa Edmund anaonekana kageuka kwa hasira tu, mapenzi hayaonekani.

Nisaidieni mawili. Nifanyeje msomaji aamini kwamba anampenda kweli binti wa aliyemteka, asimwone msaliti? Na je, nimwache Catrin asimulie mwenyewe akiwa kifungoni London, au nibaki na Edmund?

Hata aya moja ya mfano nitaipokea kwa shukrani.